Karatasi ya Boza

Printa ilianza kuchapa yenyewe.

Dukani hakuonekana mtu. Saynab, mwenye duka, alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri nyumba ya jirani, na mlangoni alikuwa amelaza kiti cha plastiki. Garissa, hicho kiti ndicho kufuli. Kikilala mlangoni duka limefungwa mpaka swala iishe, na mtu mwenye haya zake hakiruki.

Nyuma ya kaunta Sahra Kerrow alikuwa amejikunja, Glock 19 mkononi, jasho likimtiririka ndani ya hijabu. Kwa majirani alikuwa binti wa mfugaji aliyepata kazi ya ofisi Nairobi. Kwa Idara alikuwa jasusi ambaye hatumwi mara mbili kwa kazi moja.

Saynab ndiye aliyemwita, kwa kudhani mtu wa ofisi anajua mashine.

"Walaal, kuna jini anabrinti kwa mashine yangu," alilalamika. "Kila nikitoka kuswali narudi nakuta karatasi imeisha. Mteja simuoni."

Sahra hakuwahi kusikia jini mwenye shida ya karatasi. Wateja wote wa duka lile walituma vitu vyao WhatsApp, Saynab akawachapia, na kila kitu kikabaki kwenye simu ya duka pamoja na namba ya mwenyewe. Huyu hakutaka kubaki popote. Alikuwa anakaa ndani ya gari lake nje, simu mkononi, anabonyeza, na karatasi inatokea ndani ya duka tupu. Hata kazi ya kuiba nenosiri la Wi-Fi hakuwa nayo. Saynab alikuwa amelibandika ukutani kwa herufi kubwa kuliko za bei ya picha za pasipoti.

Sahra aliinyakua karatasi ya kwanza.

KIBALI CHA DHARURA YA UKAME. MAJI YA MSAADA. GARI HILI LISIZUIWE NJIANI.

Moyo ulimlipuka. Ndicho hicho.

"Kisima, hapa Mlima." Sauti ya redio sikioni ilikuwa ya Kinoti, mwenzake wa kazi, aliyekuwa barabara ya Ijara akiutazama mlango wa duka kwa kamera, Mmeru ambaye miaka yake yote ya Garissa haikumfundisha kupenda jua. "Land Cruiser nje. Mtu mmoja anashuka. Ni Deeq."

"Nimekupata."

"Mkamate hai, Sahra. Tunahitaji mdomo wake."

Asubuhi ile baba yake alikuwa amempigia simu kutoka soko la mifugo. Ilikuwa Jumatano, siku ya mnada, na soko lilifurika ngamia, mbuzi na watu. Boza la maji, lile lori la tangi, halijafika, mzee alisema. Wanyama wana kiu. Watu wana kiu. Muda mfupi baadaye likaja neno la siri kutoka Idara: huko Sangailu, boza moja jeupe limejazwa baruti badala ya maji.

Hapo hesabu haikuhitaji kalamu. Boza likiingia soko lenye kiu, watu hawalikimbii. Wanalikimbilia. Na Mzee Kerrow, kwa kumjua alivyo, angekuwa wa mbele na mtungi wake.

Sahra alikatazwa kumpigia. Adui ana macho sokoni, Kinoti alisema. Watu wakianza kutawanyika, atalipua hukohuko boza lilipo, hata likiwa katikati ya kijiji.

Deeq aliruka kiti.

Alianza na sukari ya magendo, akapanda daraja hadi bunduki. Alikwenda moja kwa moja kwenye printa, kama mtu anayepakua chakula jikoni kwake.

"Weka simu chini," Sahra alisema, akiinuka.

Deeq aliiona Glock. Akatabasamu. "Abaayo, mimi nachukua karatasi yangu tu."

Kisha akaipiga teke kaunta.

Vioo vilipasuka. Bastola ilimtoka Sahra mkononi na kuteleza chini ya rafu ya madaftari. Kisu cha Deeq kilimpata begani na kushuka kwenye mkono, na damu ikaruka ukutani mpaka kwenye lile nenosiri. Sahra hakurudi nyuma. Alimwingia tumboni kwa kiwiko, akamshika kifundo cha mkono, akaukandamiza ule mkono wenye kisu juu ya mashine ya kukatia karatasi.

Akashusha mpini.

Ukelele ulijaa duka zima. Vidole viwili vilibaki upande mmoja, Deeq akabaki upande wa pili.

"Boza liko wapi?"

"Umechelewa! Ile ya boza nilibrinti jana! Iko kwa kioo tayari!"

"Na hii?"

"Ya gari ya Brandt." Alikuwa analia kama mtoto. "Anafuata boza nyuma. Remote yake ni ya redio, si ya simu. Network ya huku nani anaiamini? Lazima akae karibu. Bila karatasi hawezi bita roadblock."

Brandt. Mzungu aliyejiita mtaalamu wa visima, aliyezunguka Ijara nzima akinywa chai na wazee na kupima ardhi kwa vyuma. Soko la Garissa likifa, wafugaji wangeuza wanyama wao kwa njia za panya, kwa bei ya kutupa, na njia hizo zote zilikuwa zake.

"Dereva?"

"Yeye pia ana swichi. Mmoja akianguka, mwingine anabonyeza."

"Boza gani, Deeq? Namba!"

Deeq aliacha kulia. Mkono wake mzima ulikuwa umeshashuka kwenye kifundo cha mguu, na ulirudi na bastola ndogo. Sahra alijitupa chini ya rafu, akaishika Glock, akafyatua akiwa amelala ubavu. Mara mbili. Kifuani.

Printa ilitoa nakala nyingine, ikaangukia damuni.

"Kisima?" Kinoti aliita.

"Mdomo umefunga. Lakini umesema kidogo."

Simu ya Deeq ilitetemeka sakafuni. Sahra aliifungua kwa dole gumba la maiti, la ule mkono wenye vidole vyote. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyeandikwa Bwana Maji.

*Karatasi?*

*Iko. Naleta*, Sahra akaandika.

*Nyuma ya boza. Kabla ya kizuizi. Haraka.*

Alijifunga bega kwa kitambaa cha kufutia kompyuta, akaiweka karatasi safi ndani ya mkoba. Mkobani mlikuwa na printa nyingine, ndogo, ya betri, ambayo Idara ilimpa ili simu ya mwizi iione kama ile ya duka mpango ukiharibika. Kinoti alimcheka asubuhi nzima. Wenzako wanapewa drone, wewe umepewa printa.

Mlangoni alikutana na Saynab, ambaye alitazama ndani, akashika mdomo.

"Jini wako huyo," Sahra alisema. "Usiingie. Watu wangu wanakuja."

"Subhanallah! Aliruka kiti?"

"Aliruka."

Land Cruiser ya Deeq ilikuwa na vioo vyeusi na harufu ya miraa. Sahra aliikanyaga mpaka mji ukaisha na barabara ya Ijara ikafunguka mbele, vumbi tupu na miti ya miiba. Kwenye kizuizi alilazimika kupunguza. Boza moja la bluu lilikuwa limeegeshwa pembeni, na dereva wake, mwanamume mfupi mwenye ndevu za hina, alikuwa anamsukumia askari simu usoni.

"Afande Kasyoka, kibali hii hapa! Iko kwa simu! Soma!"

"Bishar, nimekwambia tangu asubuhi. Simu siwezi bandika kwa kioo. Amri inasema karatasi."

"Brinta nitatoa wapi hapa borini? Sokoni watu wanakufa na kiu, wallahi! Ata yule mzungu wa visima juzi niliomba anibrintie. Nikamtumia, akapotea!"

Sahra aliyasikia yote kupitia dirisha la gari, na damu ikamchemka. Kumbe ndivyo. Brandt hakukiiba kibali. Alitumiwa na mwenyewe, kwa imani, na mwenyewe akaachwa njiani ili soko lizidi kukauka. Alitamani kusimama. Hakuwa na muda wa kusimama.

"Mlima, niambie."

"Niko juu ya kichuguu, ubavuni mwa barabara," Kinoti alinong'ona. Alikuwa na bunduki ya masafa, na bila shaka alikuwa anaunguzwa na jua. "Naona maboza manne kwa foleni. Yote meupe, yote Isuzu, yote yana karatasi kiooni. Kibali hakitaji hata namba ya gari. Prado ya kijivu iko nyuma yao, mbali kidogo."

"Huyo ni Brandt."

"Sasa nipige lipi? Nikikosea, nimeua mtu wa msaada, na wale wengine wanabonyeza."

Sahra aliliegesha gari nyuma ya kichaka cha miiba, akatoa darubini. Mbele ya foleni kulikuwa na kijiji kidogo cha wafugaji, vibanda vya matawi vilivyofunikwa maturubali. Na barabarani, katikati ya njia, ilipangwa mitungi ya manjano.

Alihisi kicheko kikimpanda pamoja na maumivu ya bega.

"Kinoti. Unaona mitungi?"

"Naona. Nani ameiacha njiani hivyo?"

"Subiri. Tazama nani atasimama."

Mtu wa bara angedhani ni takataka. Huku, mtungi mtupu barabarani ni mtu anayekuomba maji bila kufungua mdomo, na dereva anayepita na maji bila kusimama huyo hazikwi vizuri. Hata basi husimama. Hata gari la serikali, lenye bendera na haraka zake zote, hupunguza na kurusha chupa. Maboza ya msaada yana amri ya kutomwaga tone njiani, na hakuna dereva hata mmoja aliyewahi kuitii. Brandt alikuwa amepima ardhi yote ile, akajua maji yako wapi chini yake. Hakuuliza watu wa juu yake wanaombaje.

Boza la kwanza likasimama. Dereva akashuka, akafungua bomba, akataniana na akina mama.

La pili likasimama nyuma yake.

La tatu likatoka kwenye foleni, likayapita yote mawili.

Halikushika breki. Mitungi ilipasuka chini ya magurudumu, mama mmoja akamvuta mtoto wake kwa nywele ili kumwokoa, na kelele zikafuata boza lile mpaka upande wa pili wa kijiji. Bikizee mrefu mwenye shuka jekundu alilirushia jiwe. Kisha akaokota hangol yake, ile fimbo ya wafugaji yenye panda, akaanza kulifuata kwa miguu. Watu wengine hawajui kushindwa.

"Nimeliona," Kinoti alisema taratibu. "Mungu wangu. Nimeliona."

"Usipige mpaka niseme. Wote wawili kwa mpigo mmoja."

"Kisima... kuwa makini."

Prado ilikuwa imelifuata boza, ikapunguza mwendo ilipoiona Land Cruiser ya Deeq ikija. Yakasimama dirisha kwa dirisha. Mbele ya Prado boza nalo lilisimama kumsubiri bwana wake. Sahra alishuka na karatasi mkononi. Upepo wa mchana ulikuwa unavuma mgongoni kwake, ule unaobeba mchanga mpaka mtu akautafuna.

Brandt aliteremsha kioo. Alikuwa na shati safi na macho mekundu. Mapajani alikuwa na kidude cheusi chenye antena, na kidole kilikuwa juu yake.

"Wewe siye Deeq," alisema, kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Deeq anaswali. Mimi ni dada yake."

Brandt alimtazama. Akatazama kitambaa chenye damu begani. Kisha midomo yake ikanyooka polepole.

"Deeq hajawahi kuswali."

Kidole kilianza kushuka.

Sahra aliiachia karatasi.

Upepo uliichukua na kuibandika usoni kwa Brandt, puani, machoni, mdomoni. Mikono yake yote miwili iliruka kuitoa. Mwili haumsubiri mwenyewe kufikiri. Glock ilishatoka mkobani.

"Sasa."

Alipiga katikati ya karatasi. Neno LISIZUIWE likapata tundu, tundu likawa jekundu, na Brandt akalalia usukani. Honi ikaanza kulia na haikunyamaza.

Mlio wa pili ulitoka kwenye kichuguu.

Boza liliruka mbele kama lililochapwa, likaacha barabara, likang'oa mti wa miiba, likapinduka. Tangi lilipasuka ubavuni. Halikutoa hata tone la maji. Magunia yalimwagika, na harufu kali ya mbolea na dizeli ikatanda.

"Nimempata bega tu!" Kinoti alipiga kelele. "Anatoka! Ana kitu mkononi! Simwoni tena, lori limemficha!"

Sahra alikimbia.

Alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani, vumbi kinywani, bega likimwaka, na kila hatua alimwona baba yake ameinamia bomba. Dereva alikuwa anatambaa nje ya kioo kilichovunjika, mwili mkubwa, uso umechanika, na katika ngumi yake kulikuwa na swichi yenye waya. Alikuwa mbali. Sahra alifyatua, akakosa. Akafyatua tena, risasi ikagonga chuma. Dereva alicheka kwa meno yenye damu na kuinua dole gumba.

Hangol ilimshukia kwenye kifundo cha mkono.

"Mitungi yangu!" bikizee mwenye shuka jekundu alipaza sauti kwa Kisomali. Mfupa ulilia kama kuni kavu. "Mitungi yangu, mwana haramu!" Swichi ilimponyoka, ikaning'inia kwenye waya wake. Fimbo ilipanda tena, ikashuka mdomoni. Ikapanda tena.

Dereva alichomoa bastola kwa mkono wa pili na kuielekeza kwenye lile shuka.

Risasi ya mwisho ya Sahra ilimwingia sikioni.

Ikabaki honi ya Brandt tu kule nyuma. Bikizee alimtazama maiti, akamtazama Sahra, akapumua.

"Huyu hakulelewa," alisema.

"Hapana, ayeeyo. Hakulelewa."

"Na maji?"

Sahra alipiga goti, akaukata waya kwa kisu, akaitupa swichi mbali mchangani. Kinoti alifika akihema, uso umeiva kama nyanya, akaanza kuwaita wataalamu wa mabomu kwenye redio.

"Kazi imekwisha," alisema. "Pumzika."

"Bado," Sahra alijibu. "Kuna watu wana kiu."

Kwenye kizuizi, Bishar alikuwa amechoka kubishana na sasa alikuwa amekaa kivulini mwa boza lake, kichwa mikononi. Kasyoka naye alikuwa kwenye kivuli kilekile, hana raha. Sahra alishuka, akaweka printa ya betri juu ya boneti. Ilikuwa ndogo kuliko Kurani ya msikitini.

"Lete simu yako."

Bishar aliitoa kwa wasiwasi. "Sister, mzungu pia alisema hivyo."

"Shika mwenyewe basi. Fungua kibali. Bonyeza hapo. Chagua printa."

"Gani?"

"Unaona ngapi hapa porini?"

Bishar alibonyeza. Kimashine kikanguruma, kikasita, kikaanza kuutema ukurasa polepole, mstari kwa mstari, na wanaume wawili wakakiinamia kama wanaotazama yai likianguliwa. Karatasi ilipotoka, Kasyoka aliisoma yote kutoka juu mpaka chini. Akatoa gundi mfukoni, akaibandika kiooni mwenyewe, akailainisha kwa kiganja.

"Si mimi, Bishar. Ni amri."

"Najua, afande. Haye, fungua kamba."

Sahra alilifuata boza la bluu mpaka sokoni. Lilipoingia tu, soko zima lilisimama. Wachuuzi waliacha minada katikati, mikono iliyokuwa inapatana bei ikaachiana, na watu wakaja mbio, mitungi ikigongana, wanaume, wanawake, watoto, ngamia wakilia nyuma yao. Walilizunguka boza mpaka magurudumu yasionekane.

Wa mbele kabisa, kifua chake kimegusa tangi, alikuwa Mzee Kerrow.

Sahra aliegemea zizi. Aliujua mpango ule tangu asubuhi, akapigana kuuzuia mpaka akaua watu, lakini hakuwa ameuona kwa macho mpaka dakika ile: baba yake amekumbatia chuma, anacheka.

Mzee alimwona, akaja na kikombe cha bati kilichojaa. Hakuwa amekunywa bado.

"Kunywa wewe kwanza. Umetoka safari." Kisha akaona mkono wake. "Ni nini hiyo?"

"Wino, aabo. Nilikuwa naprinti karatasi."

Mzee aliutazama wino ule kwa muda mrefu. Alikuwa amechinja wanyama maisha yake yote.

"Boza lilichelewa sana leo," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Lilichelewa."

"Na wewe unaondoka tena."

"Naondoka."

Akamshikia kikombe mpaka akamaliza. Sahra akafuta mdomo, akatundika mkoba wenye printa kwenye bega zima, akapita katikati ya ngamia kuelekea lango la soko. Nyuma yake mnada ulikuwa umeanza tena.